Unaenda Mbeya na gari yako kwa mara ya kwanza? Soma hii kabla hujatoka Dar

Kila ikifika mwezi wa kumi na mbili simu yangu inaanza kuita, mdogo wangu, shemeji, jirani wa zamani, wote swali ni moja, "kaka nimepata kagari safari hii nataka niende nako nyumbani, njia ikoje?" Kwenye simu huwezi kulijibu vizuri ukamaliza, mana njia ya Dar mpaka Mbeya ni kilomita mia nane na kitu na ndani yake kuna madereva wa aina nne tano tofauti, kwa hiyo nimeamua niandike yote hapa, mwenye kusafiri asome.

Kitu cha kwanza ukubali. Umeendesha Dar miaka kumi, sawa, wewe ni dereva, ila ni dereva wa Dar. Lami ni hiyo hiyo lakini ukivuka Chalinze watu wana tabia zao, ukivuka Mikumi wana zingine, ukifika Mafinga zingine tena, na ajali nyingi nilizoziona kwa macho yangu ni za mtu aliyekuja na tabia ya kwao akaitumia mahali isipokubalika. Kwa hiyo kazi yako njia nzima ni kujua hapa nilipo watu wanakosea nini, alafu unakaa mbali na hilo kosa.

Tuanze na tairi, wengi wanaangalia kashata tu, yani ile michoro ya mpira inayogusa lami, wakiona bado nene wanaondoka. Angalia ubavuni, kuna maandishi ya DOT na mwisho wake namba nne. Ukikuta 2319 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba inaweza ikawa na kashata safi kabisa lakini mpira umeshakufa, ukiupeleka mwendo mrefu kwenye jua la saa saba kule Ruaha Mbuyuni inapasuka, na ikipasuka ya mbele uko themanini una kazi kubwa ya kuishika gari. Upepo jaza asubuhi tairi zikiwa za baridi, na spea usiisahau, watu wengi spea zao zina miaka haijaguswa. Ikitokea imepasuka usikanyage breki kwa nguvu, shika usukani kwa mikono miwili, toa mguu kwenye mafuta, acha gari ipungue mwendo yenyewe ndo uivute kushoto taratibu. Alafu triango mbili, mtungi wa kuzimia moto, jeki na wili spana inayoingia kweli kwenye nati zako, jaribu nyumbani usije ukagundulia porini kwamba haiingii.

Toka Dar mapema, mimi huwa natoka saa kumi alfajiri ili Kibaha nipite kabla watu hawajaamka. Ukiwa mjini umezoea vitu viwili, kuchomekea na kutanua. Kuchomekea nadhani kila mtu anaelewa, unaona nafasi ya nusu gari unaingiza pua. Kutanua ndo kule kutoka nje ya lami ukapita foleni kwa pembeni. Hivi vyote viwili uviache Mlandizi. Huko mbele pembeni mwa lami ndo njia ya watu, kuna mama na ndoo kichwani, kuna watoto wanatoka shule, kuna mzee na baiskeli ina magunia mawili ya mkaa ambaye hata akisikia honi hawezi kugeuka kuangalia. Unapotanua kule hauwapiti wenye magari, unaingia kwenye njia ya hao watu kwa kasi. Mimi hili linaniuma sana kwa sababu wanaokufa pale mara nyingi hata gari hawajawahi kumiliki.

Vibao vya 50 sasa. Kila kijiji kina kibao cha kuingilia na cha kutokea kilichopigwa mstari, na unatakiwa uwe hamsini PALE kwenye kibao, si uanze kupunguza ukishakipita. Tochi ya trafiki ya kupima mwendo ipo, faini ni elfu thelathini kwa kosa na unapewa kontrol namba unalipa kwenye simu, ila usiende hamsini kwa ajili ya tochi. Madereva wakipishana wanapigiana taa kuambiana mbele kuna trafiki, kwa hiyo watu wamejifunza kupunguza pale penye askari tu na pasipo askari wanapita kijijini tisini na tano. Siku unapita bila kuona askari ndo siku mtoto anavuka kufuata mpira. Na kwenye zebra simama kweli, ila kabla hujasimama angalia kioo cha nyuma nani anakufuata, mana lori lililobeba mzigo nyuma yako haliwezi kusimama kwa umbali unaosimama wewe na IST. Anza kugusa breki mapema kidogo kidogo ili taa zako zimwambie.

Baada ya Morogoro ndo unakutana na jambo kubwa kuliko yote kwenye hii barabara, kuovateki malori. Naomba hapa usome taratibu. Tuseme lori linatembea 60 wewe unatembea 80. Tofauti yenu ni ishirini tu, yani kila sekunde unalikaribia kama mita tano na nusu. Semi lina urefu wa kama mita 18, weka na nafasi ya nyuma unapoanzia na ya mbele unaporudi, unahitaji kulipita mita kama sitini. Hizo ni sekunde kumi na moja hivi. Kwenye hizo sekunde gari yako imeshatembea mita 240 upande wa mwenzio, na basi linalokuja na 80 nalo limetembea mita 240. Jumla karibu nusu kilomita, na ni lazima uione yote ikiwa tupu kabla hujatoka, si kufikiria kwamba ipo tupu. Ukifanya hii hesabu mara moja kichwani utaona zile ovateki nyingi watu wanazofanya walikuwa wanaomba Mungu tu. Na kama malori ni matatu yamefuatana usihesabu moja, jiulize ukishalipita la kwanza utaingia wapi.

Kwenye kuovateki kuna lugha ya indiketa ambayo hufundishwi chuo cha udereva. Uko nyuma ya lori, dereva akiwasha indiketa ya kulia anakuambia tulia kuna kitu kinakuja, akiwasha ya kushoto anakuambia pita. Ni ustaarabu mzuri na madereva wengi wa malori wanafanya kwa nia njema, wamekaa juu wanaona mbali kuliko wewe. Tatizo ni kwamba indiketa hiyo hiyo ina maana zingine. Kushoto inaweza ikawa anataka kuingia sheli. Kulia inaweza ikawa kweli anakata kulia kwenda kijijini, na wewe ukidhani anakutuliza ukakosa subira ukatoka, anakukatia mbele. Usiku tena, anayekuja mbele yako anawasha ya kulia kukuonyesha mwisho wa ubavu wake uko wapi ili usimkwaruze, mgeni anadhani yule anataka kukata barabara anashtuka na breki. Mimi safari yangu ya kwanza nilikuwa nyuma ya lori maeneo ya Doma, jamaa akawasha kushoto, nikatoka bila kuangalia mwenyewe, kumbe alikuwa anapunguza kusimama na mbele kuna Kosta inakuja imewasha taa zote. Nilirudi nyuma ya lile lori nusu ya gari ikiwa kwenye majani, mke wangu hakuongea neno mpaka Mikumi. Kuanzia siku ile indiketa ya mtu naichukua kama ushauri tu, ikisema usipite sipiti, ikisema pita bado nasubiri mpaka nione kwa macho yangu.

Utakutana pia na magari ya IT, yale yanayotoka bandarini yanaendeshwa kwenda Zambia, Kongo na Malawi. Wanatembea kwa msafara, wengi mwendo wao ni mkali, na wanachoka kwa sababu wanataka wafike Tunduma warudi wachukue ingine. Ukiona gari ya IT inakuja nyuma na taa, toa indiketa ya kushoto, sogea, mwache apite. Usishindane naye na usimfuate ukidhani anakufungulia njia. Mabasi nayo hivyo hivyo, na tangu mwaka 2023 yameruhusiwa kutembea usiku kucha kwa hiyo ule utaratibu wa zamani wa kusema usiku barabara ina malori tu haupo tena.

Mikumi barabara inapita katikati ya hifadhi kama kilomita hamsini, mchana mwisho 70 na usiku mwisho 50, na kuna ubao umeandika kila mnyama na faini yake kwa dola. Nyati na tembo wanavuka asubuhi na jioni zaidi. Kosa la watu pale ni mawili, kuna anayekimbia na kuna anayesimama ghafla katikati ya lami kupiga picha ya twiga. Huyu wa pili ni hatari sawasawa na yule. Ukiona tembo mmoja amevuka usiondoe gari ukashangilia, subiri, nyuma yake kuna wengine na mara nyingi kuna mtoto, na usipige honi.

Ukitoka Mikumi mjini unashuka kwenye bonde la mibuyu unaambatana na mto Ruaha, joto kali, pazuri sana. Pale Ruaha Mbuyuni simama, kunywa maji, angalia maji ya rejeta na mafuta ya breki, mana mbele kuna Kitonga.

Kitonga wakati wa kupanda malori yanatembea mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, kumi, kumi na tano, na foleni nyuma inakasirika. Watu wanaovateki kwenye kona za Kitonga. Naandika hivi nikikumbuka mabaki ya magari niliyoyaona kule chini korongoni. Usiovateki kwenye kona hata kama wenzako watano wamepita, kupita kwao hakukuambii chochote kuhusu anayeshuka sasa hivi. Achia nafasi kubwa na lori la mbele, uone tairi zake za nyuma zinavyogusa lami, kwa sababu likishindwa mlima linaweza kurudi nyuma, na ukiwa umelibana huna pa kwenda. Usikae ubavuni mwa semi kwenye kona, tela lake halifuati pale kichwa kilipopita, linakata ndani, na kama uko ndani linakubana na ukingo. Geji ya joto iangalie, ikianza kupanda zima AC, ikiendelea tafuta sehemu pana usimame, acha injini ipoe nusu saa, na mfuniko wa rejeta usiuguse ikiwa ya moto, yale maji yanaruka usoni.

Kushuka wakati wa kurudi ndo kwenyewe. Wazee wa malori wana msemo, gia uliyopandia ndo ya kushukia. Kuna tabia mbaya ya kuweka gari frii kwenye mteremko eti kubana wese. Gari ikiwa frii injini haiishiki tena, mzigo wote unabebwa na breki, breki zinapata moto, zikishapata moto unakanyaga padeli inaenda chini na gari haisikii. Kenya pale Salgaa kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret watu wengi wamekufa kwa malori yaliyoshushwa frii, mpaka serikali ikaweka ukuta wa kutenganisha barabara katikati. Na hizi gari zetu za Japani za otomatiki watu wanadhani D inatosha. Haitoshi. Kabla hujaanza kushuka weka 2 au L, au S kama gari yako ina S, utasikia injini inaunguruma, iache iungurume, haiumii. Breki kanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi alafu achia zipumue, usizishikilie muda wote. Ukisikia harufu ya kuungua ni breki zako au za aliye mbele yako, vyovyote vile tafuta pa kusimama.

Hapo hapo niseme habari ya matawi. Ukiona matawi ya mti yametupwa kwenye lami, moja, alafu hatua kadhaa lingine, punguza mara moja, mbele kuna gari imekufa. Ndo triango ya porini. Na wakishatengeneza wakaondoka mara nyingi wanaacha mawe waliyowekea tairi pale pale katikati ya njia, usiku hayaonekani kabisa. Hii tabia ya kuacha mawe naichukia kuliko zote nilizotaja, ukisaidia mtu au ukiharibikiwa wewe tafadhali yatoe mawe kabla hujawasha gari.

Iringa ukishavuka Ipogolo hali ya hewa inabadilika, na kuanzia Mafinga kwenye misitu ya misonobari ya Sao Hill mpaka Makambako unaweza kukutana na ukungu mzito asubuhi mpaka huoni boneti. Wageni wanawasha fulu, hapo umejipofusha, mwanga unagonga ukungu unarudi kwako. Taa za chini, dirisha wazi kidogo usikie, fuata mstari wa kushoto. Usiwashe hazadi huku unatembea, aliye nyuma anadhani umesimama na indiketa zako hazionekani tena. Kama huoni toka kabisa nje ya lami, si nusu nusu.

Ukishashuka kutoka Makambako, kuanzia Igawa kupita Chimala mpaka Igurusi ni bonde la Usangu, tambarare, mpunga, barabara imenyooka na jua kali. Hapa adui ni usingizi wa saa nane mchana baada ya wali nyama wa Makambako. Kinywaji cha kuchangamsha kinakudanganya nusu saa tu. Simama, laza kiti, lala dakika ishirini. Na ng'ombe ni wengi, ukiona mchungaji upande mmoja wa barabara na ng'ombe wachache upande wa pili, wale wengine watavuka kufuata wenzao, subiri.

Inyala kuna mteremko ambao umeua watu wengi, Iwambi ukishavuka mjini Mbeya kuna mwingine, yote niliyosema ya Kitonga uyarudie pale, tena kwa uangalifu zaidi kwa sababu chini yake kuna makazi, masoko, watu. Mjini Mbeya, Uyole mpaka Mafiati, bajaji na boda zinatoka kila upande, hapo ule udereva wako wa Dar ndo utakufaa. Ukiendelea mpaka Tunduma jiandae, foleni ya malori ya kuvuka kwenda Zambia inaweza kuanza mbali sana na mpaka, yamepanga upande wa kushoto, na nyie magari madogo mnagawana upande uliobaki mnaoenda na mnaokuja. Kimbia hapo uone.

Usiku mimi siendeshi nje ya mji, ila nikilazimika naangalia mstari wa kushoto anapokuja mtu na fulu, siangalii taa zake na simrudishii fulu yangu kumkomoa, mana wote wawili tukipofuka nani atamwona mwenye baiskeli isiyo na taa.

Kwa wanaoenda kwingine kwa kifupi. Njia ya Moshi na Arusha tabia ni kukimbia, barabara imenyooka Same na Mwanga na mwezi wa kumi na mbili kila mtu ana haraka ya kufika nyumbani, tulia na vibao. Ukikata Mombo kupanda Lushoto njia ni nyembamba na kona hazioneki, piga honi kabla ya kona na usikilize kama umejibiwa. Dodoma kwenda Iringa kuna Nyang'oro, Singida kuna Sekenke, yote ni milima ya kushuka na gia. Shinyanga na Mwanza ni baiskeli nyingi sana, na mwendesha baiskeli akikwepa shimo hatoi ishara, mwachie nafasi ya kuanguka, yani umpite kwa umbali ambao hata akianguka haumgusi.

Na ukivukia Rusumo kwenda Rwanda au Kabanga kwenda Burundi, ukishatoka mpakani unahamia upande wa kulia wa barabara. Pale mpakani utakumbuka, kila mtu anakumbuka. Unaposahau ni asubuhi yake, umetoka sheli kujaza mafuta, barabara tupu hamna gari la kumfuata, mkono wenyewe unakupeleka kushoto. Mwambie aliyekaa pembeni yako kazi yake safari hiyo ni moja, kila mnapotoka mliposimama aseme kwa sauti "kulia", hata kama mmeshasafiri siku tatu.